Ng'ombe Aliyejikamua

Kemuma hakuwa amepanga kulitaja jina lile. Walikuwa wamealikwa redioni, yeye na wenzake wawili wa bendi ya Chai Imemwagika, wazungumzie nyimbo zao za vichekesho, na mambo yalikuwa yakienda vizuri. Momanyi, kiongozi wao, alipiga obokano yake, ile ala kubwa ya nyuzi ya Wakisii, huku akiigiza mhubiri anayeiombea spika iliyokataa kuwaka. Noah, mpiga ngoma, alisema machache kama kawaida yake. Ndipo Janefer, mtangazaji, akauliza ni mwanamuziki gani wanayempenda kuliko wote, rafiki yao hasa katika kazi hii.

Momanyi akaitaja kwaya moja ya Chepseon na jamaa fulani wa kinanda. Janefer akamgeukia Kemuma.

"Mimi ni Mzee Jonah Chepyegon wa Mulot," Kemuma akasema.

Momanyi akamkodolea macho. Hata Janefer alikawia kidogo kabla ya kuweka wimbo.

Kila mtu upande ule alijua habari yao na mzee. Jonah Chepyegon alikuwa mpiga gitaa wa zamani, na wimbo wake mmoja ulikuwa umepigwa katika harusi na mazishi ya watu wengi kuliko alivyoweza kukumbuka mwenyewe. Ndani yake mke anamwimbia mumewe aliyekwenda kutafuta kazi mbali: nimekungoja mlangoni, chai imepoa. Chai Imemwagika waliichukua sauti hiyo hiyo wakabadilisha maneno: nimekungoja mlangoni, ng'ombe amejikamua. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Wimbo huo wa ng'ombe ndio uliowatoa Kapsoit, walikokuwa wakiimba bure sokoni, ukawafikisha kwenye sherehe za Kericho na Bomet yote.

Kisha zikaja habari kwamba mzee alianza kuimba wimbo wake kwenye mazishi fulani, vijana waliosimama nyuma wakaangua kicheko. Alilirudisha gitaa kwenye mfuko wake, na tangu siku hiyo hakuonekana tena akipiga.

Hakuna hata mmoja wa bendi aliyekwenda kumwona. Momanyi alisema watamwongezea hasira tu. Noah, ambaye mama yake alikuwa akiuimba wimbo wa mzee akisugua sufuria, alikubali shingo upande. Wakaendelea kumpenda mzee kwa mbali. Walisikiliza nyimbo zake za zamani kila walipokuwa safarini, lakini wakipita Mulot kwenda Narok kila mmoja alitazama mbele kama mtu anayedaiwa.

Walipotoka studio, Momanyi alimwambia Kemuma kwa sauti ya chini kwamba amewauza. Watu watauliza ni urafiki gani huo. Kemuma akamjibu kwamba aliulizwa swali, akalijibu.

Wiki haikuisha. Kemuma alikuwa kwenye kibanda chake cha mboga, akikata sukuma, simu ikalia. Aliyepiga alikuwa Chepkurui, mke wa mzee. Hakuwa na haraka. Aliuliza habari za watoto, akauliza habari za mvua, ndipo akafika penyewe.

"Mzee amesikia redio," alisema. "Anauliza, kama nyinyi ni marafiki, mbona hamjawahi kufika kwetu?"

Kemuma akauliza kama mzee amekasirika. Chepkurui alimwambia hilo watakuja wamuulize wenyewe.

Walikwenda Jumamosi kwa pikapu ambayo Noah aliiazima kwa shemeji yake, wakiwa na mikate, sukari na majani ya chai. Walipoipita Bomet mashamba ya chai yaliisha, kukawa na mahindi na ngano na ng'ombe wakivuka barabara wapendavyo. Njia nzima Momanyi alijizoeza kuomba msamaha. Kila alipojaribu, kichekesho kilijipenyeza ndani, Kemuma akamwambia akitoe, akakitoa, mpaka mwishowe hapakubaki kitu cha kusema.

Mzee aliwapokea akiwa amevaa koti na gambuti. Aliwapa mkono akawasalimu kwa Kikalenjin, "Chamgei," Noah akaitikia kwa niaba ya wote. Wakakalishwa nje, wakaletewa chai. Ilipokwisha, Momanyi alisimama, akavua kofia, akasema, "Mzee, sisi tumekuja..."

Mzee akamwambia akae.

"Hiyo wimbo mnaimba vibaya," alisema.

Momanyi akakubali haraka haraka kwamba ni kweli, walimkosea heshima.

"Sijasema heshima. Nasema sauti. Mstari ya tatu inashuka, nyinyi mnapanda. Kila nikifungua redio, mnapanda. Masikio inaniuma."

Kemuma alimtazama Noah. Noah alikuwa ameinamia kikombe chake, mabega yakitikisika kwa kicheko alichokizuia.

Lakini Kemuma hakutaka kuondoka na lile jambo la mazishi moyoni. Aliuliza. Mzee akawaeleza kwamba siku ile aliumia, hatadanganya. Marehemu ndiye aliyejifunza naye gitaa ujanani, na kumchekea mtu juu ya jeneza si jambo dogo. Alirudi nyumbani akalitundika gitaa ukutani. Hasira ilidumu msimu mmoja wa mahindi, ikaisha. Alipolishusha tena, akakuta vidole vya mkono wa kushoto vimekakamaa, haviwezi tena kubana nyuzi. Aliunyoosha mkono wavione.

"Basi nikaacha watu waseme nimekasirika," alisema. "Mtu akikasirika anaheshimiwa. Vidole ikiisha, anahurumiwa."

Chepkurui, aliyekuwa akikusanya vikombe, akasema yeye hakukasirika hata siku moja. Yule mke wa mlangoni alikuwa yeye, na chai ilipoa kweli, na mume alirudi amechelewa bila sababu ya maana. Alipousikia wimbo wa ng'ombe mara ya kwanza alikuwa shambani, akaweka jembe chini akacheka peke yake. Kama kungekuwa na ng'ombe wa kujikamua siku zile, alisema, angemshukuru Mungu.

Momanyi, mtu asiyependa kusahihishwa, aliurudia mstari wa tatu mara nyingi mbele ya mzee, akishuka na kushuka tena, mpaka mzee akatikisa kichwa kukubali. Gitaa likaletwa. Noah, ambaye utotoni alijifunza gitaa kwa kusikiliza nyimbo za mzee, akavuta kiti chake ubavuni kwa mzee akabana nyuzi kwa mkono wake wa kushoto. Mzee akazichokoa kwa mkono wake wa kulia. Mwanzoni walikosana, mmoja mbele, mwingine nyuma. Kisha wakapatana, na Kemuma akaanza kuimba, wimbo wenyewe, wa chai iliyopoa.

Mwezi uliofuata walimpandisha mzee jukwaani Kapsoit, kwenye mchango wa kanisa. Watu walipoona wanaume wawili wameshika gitaa moja walicheka, na Kemuma alipofika kwenye mstari wa mlangoni walicheka zaidi, wakidhani ng'ombe anakuja. Hakuja. Kemuma aliendelea kuimba polepole. Wengi wakatulia. Wachache hawakutulia kabisa, wakacheka mpaka mwisho, na mzee hakuonekana kuwajali. Ubeti wa mwisho ulipokwisha aliinama kwenye maikrofoni akaimba, kwa sauti yake kavu, ubeti aliotunga mwenyewe bila kuwaambia: ng'ombe amejikamua, maziwa ameyanywa, na kitanda changu amekilalia. Momanyi alishtuka akakosa kupiga obokano. Uwanja mzima ukalipuka.

Baadaye mwanamke mmoja alimvuta Kemuma kando. Alitaka kujua ni wimbo upi uliotangulia, wa mke au wa ng'ombe. Kemuma akamwambia ni wa mke. Yule mwanamke akashangaa, akasema miaka yote hii alidhani mzee ndiye aliyewaibia. Akaenda kumsalimu. Mzee akamwonyesha kiti kilichokuwa karibu, akangoja akae vizuri, akaanza kumsimulia jinsi alivyooa.