Neno la Kuondoa Matanga

Udongo uliomfunika mume wangu Cirimwami ulianguka mchana, akiwa anapanda mianzi kwenye ukingo wa mto Kanyosha, nyuma ya nyumba yetu. Alitaka mizizi ishike udongo. Lakini chini yake wapakiaji wa Jovithe, tajiri wa mchanga, walikuwa wamechota mchanga, lori baada ya lori, mpaka ukingo ukabaki kama paa lisilo na ukuta.

Nilikwenda kwa shefu wa kartie, mkuu wa mtaa wetu. Nikamkuta Jovithe ameketi naye.

"Pole, mama Fabiola," Jovithe akaniambia. "Ni klima hiyo, hali ya hewa imegeuka. Mvua ya siku hizi si mvua. Wazungu ndio wameharibu mbingu. Sasa we utamushitaki nani?"

Shefu akatikisa kichwa kwa huruma. Nikarudi nyumbani. Malori yakaendelea.

Basi nikangoja siku ya kuondoa matanga. Kwetu ni mwiko kugombana siku hiyo, au kumtaja mtu kwa ubaya. Lakini pia, neno la familia, hotuba ya wafiwa, likishaanza, hakuna anayefungua chupa wala kuinuka kitini mpaka liishe. Jovithe alileta kreti za bia, akapewa kiti cha mbele chini ya hema. Alitaka aonekane.

Watu walidhani nitasema marehemu alizaliwa wapi na alivyopenda kwaya. Nikafungua daftari nililoandikia usiku wa matanga, nikasema, "Nitawapa hadithi. Ni ya miaka mingi ijayo."

Katika hadithi yangu mvua zimezidi na mto umehama. Mzee mmoja, zamani tajiri wa mchanga, amebebwa mgongoni na mjukuu wake. Anatafuta nyumba zake za kupangisha, zile zenye geti la buluu.

"Ah! Geti yetu ile!" akaropoka Lisette, mpangaji wa Jovithe. Hema zima likacheka. Jovithe naye akacheka, kidogo.

Nikaendelea. Mjukuu anawauliza njia wanawake wanaofua. Wanamjibu, "Geti? Umesimama juu yake." Mzee anauliza waliokuwa wamelala ndani wako wapi. Wanawake wanarudi kufua. Nikavitaja vitu walivyoviona vikipita na maji: godoro, sufuria yenye maharage, begi la shule. Lisette hakucheka tena. Mwishoni mzee anaomba azikwe. Kila wakimchimbia kaburi, ukingo unaanguka, wanambeba mbele, wanachimba tena. Hapo nikanyamaza.

"Halafu?" mtu akauliza kutoka nyuma.

"Nimefika hapo."

Jovithe alikuwa amekaa muda wote huo bila kuinuka, shingo imelowa jasho. Niliiangalia ile shingo kwa raha. Sijawahi kuona raha kama ile tangu tumzike Cirimwami.

Kesho yake Lisette alikuja nyuma kwangu, akalala kifudifudi, akachungulia chini ya ukingo. Aliinuka, akaenda kuwaambia wapangaji wenzake. Haukupita muda, wapangaji wote wa geti la buluu, lililo juu ya ukingo huohuo, wakahama. Wapakiaji wakaanza kutaniana nani atambeba mzee, kisha utani ukaisha, wakakataa kushuka kwenye kona ile ya mto.

Ndipo Jovithe akaja, akasimama mlangoni.

"Mama Fabiola, umeniua."

"Apana, papa. Mi nimesimulia tu. Sikutaja mutu."

"Mujukuu wangu ananiuliza eti atanibeba mpaka wapi. Maliza ile hadithi. Nizike."

"Si ulisema ni klima? Zungumuza na klima."

Akaangalia viatu vyake. "Nikitoa malori?"

"Toa kwanza."

Aliyatoa. Alileta mawe, akajaza pale palipochimbwa, na mvua ya Aprili ilipokuja na hasira zake, ukingo ulisimama. Majirani wakasema, angalia, mama Fabiola amesamehe.

Sikusamehe. Kila Jumapili, akitoka misani, Jovithe hupita kwangu na kuniuliza kama nimemaliza. Anakonda. Mimi namwambia kazi ya kuandika inachukua muda, papa, nenda salama. Kumzika mzee yule kunahitaji mistari miwili tu, na naijua kwa moyo. Siiandiki.