Mkono Ulioachia Tufe

Mimi nafundisha fizikia, na kila mwaka darasa linapofika kwenye somo la kazi na nishati, huwa nauweka uso wangu rehani. Si kwamba najitia ushujaa. Ukiandika ubaoni kwamba nishati haiumbwi wala haipotei, wanafunzi wananakili, wanapiga miayo na kusubiri kengele. Waonyeshe tufe la chuma, lile la kurusha uwanjani, likiukimbilia mdomo wa mwalimu wao, uone kama kuna atakayepiga mwayo.

Tufe langu limefungwa ndani ya wavu wa kamba na kuning'inizwa kwenye boriti ya paa la maabara. Mimi nasimama na kuegemeza kisogo ukutani. Mtu mmoja analivuta tufe mpaka liguse midomo yangu, analishika katikati ya viganja viwili, kisha anavifungua viganja kama anayefungua kitabu. Basi. Halirushi wala halisukumi. Tufe linashuka, linapanda upande wa pili, linageuka na kurudi mbio kuelekea usoni kwangu. Mayowe yanapigwa, na tufe linakomea upana wa kidole kutoka kwenye midomo. Haliwezi kunigusa. Aliyelivuta juu alifanya kazi, kazi ile ikabaki ndani ya tufe kama nishati, na tufe halina nishati nyingine zaidi ya hiyo. Njiani hewa na kamba vinaimega kidogo, ndiyo maana linarudi likiwa pungufu.

Kuna kosa moja tu la kwangu mwenyewe linaloweza kuniumiza, nalo ni kusogea mbele. Ndiyo kazi ya ukuta. Kisogo kikiwa kimeugusa, huwezi kusogea bila kujua. Nimelisema hilo mara nyingi mpaka wanafunzi wamelifanya wimbo wa kunikejeli uwanjani: kisogo ukutani, macho mbele, mdomo fumba.

Aliyekuwa akiniachia tufe miaka yote ni wifi yangu. Ni dada wa mume wangu, tumbo moja, mwalimu wa hisabati. Shule nzima inamwita Wifi, hata mkuu wa shule, kwa sababu mimi ndiye niliyemtafutia nafasi pale na ndivyo nilivyokuwa nikimwita kwa sauti koridoni. Mimi wananiita Mama Juli, kwa kile kipimo cha nishati. Tulikuwa chanda na pete. Tuliazimana viatu, tulisengenya kikao kizima kwa macho tu, na nilipokuwa nimelala wodini baada ya kujifungua mtoto wangu wa mwisho, yeye ndiye aliyenifulia nguo.

"Wifi, leo midomo umeipaka mafuta mengi hivyo," alikuwa akinitania mbele ya darasa. "Tufe likiteleza usinilaumu."

"We achia tu, na mikono yako hiyo ya chaki," nami namjibu.

Mwaka huu walikuja wageni kutoka ofisi ya elimu. Kinafunguliwa kituo cha kuwanoa walimu wa sayansi, na walikuwa wanatafuta wa kukiongoza. Ilijulikana wazi kwamba wanaangaliwa wawili, mimi na Wifi. Mimi sikuona tatizo lolote. Asubuhi ile nilimshika mkono nikamwambia leo tunawamaliza, na nilimaanisha sisi wawili. Mkono wake ulikuwa wa baridi, nikadhani ni woga wa wageni.

Nilisimama ukutani. Wifi akaleta tufe midomoni kwangu. Mimi nilikuwa nikiwaeleza wageni tofauti ya kazi na uwezo: mtu akipandisha ndoo ya maji ngazini taratibu, na mwingine akapanda na ndoo kama hiyo mbio, kazi ni ileile, ila wa pili ana uwezo mkubwa kwa sababu ameifanya kwa muda mfupi. Macho yangu yalikuwa kwao. Nikafumba mdomo, nikampa ishara. Nilihisi chuma kinaniondoka midomoni haraka kuliko kawaida yake, na kabla sijalipa jambo hilo maana, tufe lilikuwa limesharudi.

Sikupiga kelele. Nilisikia tu kitu kinavunjika mdomoni, na mdomo ukajaa damu na vipande vya meno. Na sauti ya kwanza niliyoisikia ilikuwa ya Wifi, inapasua maabara: "Umesogea! Wifi, mbona umesogea?"

Hakuuliza nimeumia wapi. Lakini hilo nililifikiria baadaye.

Mume wangu, ambaye ni fundi cherehani, alifika hospitali na futi yake ikiwa bado shingoni. Alinishika mkono wakati nashonwa mdomo. Alitoka nje mara moja kuongea na dada yake aliyekuwa analia kwenye benchi, akarudi, akakaa. Alinipangusa jasho kwa kitambaa na kunisemesha taratibu, kama mtu anayembembeleza mtoto. "Umesogea, mke wangu. Bahati mbaya tu. Ulikuwa unawatazama wageni, ukajisahau."

Nikamwamini. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Mimi, ninayefundisha watu kwamba usiamini mpaka upime, niliamini kwa sababu aliyesema alikuwa amenishika mkono.

Baada ya wiki chache nilirudi shuleni na mapengo mawili mbele, maneno yananitoka kwa mluzi. Wanafunzi walijitahidi wasicheke, maskini, wengine wakashindwa, nami nikacheka nao. Walimu ndio walionichosha. Kila mmoja alikuwa na pole yenye mkia: pole Mama Juli, ila ungekuwa makini, pole, si wewe mwenyewe huwa unasema wasisogee? Wageni nao walishaamua. Walituma habari kwamba Wifi ndiye atakayekiongoza kituo, kwa kuwa usalama wa wanafunzi ni jambo la kwanza, na mwalimu asiyeweza kuifuata sheria yake mwenyewe hafai kufundisha wenzake.

Ningelimeza hilo. Lakini kukazuka minong'ono. Msichana mmoja aliyekaa mbele siku ile alikuwa anawaambia wenzake kwamba viganja vya Wifi havikufunguka kama siku zote. Mkuu wa shule akaona minong'ono isiote mizizi. Akataka nisimame kwenye kikao cha walimu wote, niseme kwa kinywa changu kwamba nilisogea, mambo yaishe.

"Sema tu, mke wangu," mume wangu aliniambia jikoni, anakata vitunguu, kazi ambayo tangu tuoane alikuwa hajaigusa. "Maneno mawili tu. Utakuwa umemwondolea dada yangu fedheha. Si ni kweli ulisogea?"

"Ni kweli?" nilimuuliza.

"Sasa itakuwa nini?" alisema, na kisu kikaendelea.

Itakuwa nini. Swali hilo lilinifuata mpaka maabara. Jumamosi nilikwenda peke yangu, nikabandika kipande cha boksi ukutani, usawa wa mdomo wangu, nikakipaka chaki. Nikalivuta tufe mpaka likaigusa chaki, nikaachia. Lilirudi likaishia kabla ya boksi. Nikarudia mpaka mabega yakauma, na kila mara likaishia kabla. Kisha nikalisukuma, kidogo tu, kama unavyomsukuma mtu apite mlangoni. Boksi lilibonyea.

Nikajishika kisogo. Kama ningekuwa nimesogea mbele, lile pigo lingenirudisha nyuma na kichwa kingegonga ukuta. Hospitali walinipapasa kichwa kizima, hawakuona nundu wala uvimbe. Nilikuwa nimeegemea. Tufe lilifika pasipofikika, na nishati ile ya ziada haikuanguka kutoka mbinguni. Kuna mtu aliitia, kwa mikono yake, huku mimi nimempa uso wangu.

Nilikaa sakafuni nikalia kwa hasira. Sikulia kwa ajili ya meno wala kituo. Nililia kwa sababu nilimkumbuka akinifulia nguo.

Siku moja kabla ya kikao, masomo yalipokwisha, Wifi alikuja maabara. Tulikuwa tumepanga nimkabidhi ufunguo, kwa kuwa angehitaji vifaa vya kupeleka kituoni. Mume wangu naye alikuwepo, amepanda juu ya meza anatundika mapazia mapya aliyoyashona. Wifi aliingia anatabasamu nusu, akaniita kwa sauti ileile ya zamani.

"Wifi yangu, unaendeleaje? Mdomo umepona vizuri."

"Umepona. Kabla sijakupa ufunguo, simama pale ukutani."

"Ya nini?"

"Utakuwa mwalimu wa walimu. Miaka yote umeachia tufe, hujawahi kusimama upande wangu. Kisogo ukutani, mimi nitaachia."

Alicheka, akamtazama kaka yake. Kaka yake alikuwa ameshikilia pazia bila kulitundika. Wifi alikwenda ukutani, polepole, akaegemea. Nikalivuta tufe mpaka midomoni kwake. Akajibana zaidi ukutani.

"Unajua sheria," nilimwambia. "Nikiachia tu, haliwezi kukugusa. Wewe ni mtu wa hesabu, unaweza kuipiga hesabu hiyo ukiwa umelala. Si ndiyo?"

"Ndiyo."

"Basi unaogopa nini?"

Macho yake hayakuwa kwenye tufe wala kwenye kamba. Yalikuwa kwenye viganja vyangu. Nilivifungua taratibu, kama tulivyozoea, na tufe halijafika hata katikati ya chumba Wifi alikuwa ameshachomoka ukutani, amejificha nyuma ya meza, mikono imefunika uso. Tufe lilirudi, likaishia hewani mbele ya mahali palipokuwa na uso wake, likaondoka tena.

"Unaiamini sheria," nilisema. "Mkono wangu ndio usiouamini. Na umejuaje kwamba mkono unaweza kusukuma, Wifi?"

Alianza kulia. Alisema hakukusudia meno. Alitaka tu linitishe, nirukie pembeni mbele ya wageni, wanione nimeaibika. "Kila kitu ni wewe," alisema. "Mama Juli hiki, Mama Juli kile. Hata jina ninaloitwa ni la kwako. Nilisukuma kidogo tu." Akachukua mkoba wake akatoka. Ufunguo haukuchukuliwa, ukabaki juu ya meza.

Nilimgeukia mume wangu. Nilitaka anishike. Nilitaka aseme kumbe, aseme dada yangu ametutenda, aseme chochote kinachosemwa na mtu aliyepigwa na butwaa. Yeye alishuka mezani, akakunguta mikono, akakunja futi yake. Uso wake haukuwa na mshtuko wowote. Ulikuwa uso wa mtu aliyechoka kungoja.

"Ulijua," nilisema.

"Mke wangu..."

"Ulijua tangu lini?"

"Kule hospitali," alisema. "Nilipotoka nje. Alikuwa analia sana. Ningefanyaje? Wewe una moyo mkubwa, ungepona. Yeye angefukuzwa, angekuwa mtu wa nani?"

Kwa hiyo aliporudi kunipangusa jasho alikuwa ameshajua. Kwa hiyo lile "umesogea, mke wangu" lilitoka kwenye mdomo uliojua, masikioni mwa mtu asiyeweza kusema kwa sababu anashonwa. Dada yake alinisukuma mara moja. Yeye alikuwa akinisukuma kila siku, mezani, jikoni, kitandani, taratibu, na taratibu ile sikuihisi.

"Simama wewe," nilimwambia.

Sijui kwa nini nilisema hivyo. Labda nilitaka naye akimbie. Hakukimbia. Alikwenda ukutani akaegemea kisogo, mikono kiunoni, kama anayengoja kupimwa suti. Nikamletea tufe midomoni. Alinitazama mimi, si viganja.

"Achia tu," alisema, na mdomo wake ukakigusa chuma. "Wewe huwezi kuniumiza. Nakujua."

Nilijua kani inayotakiwa kumvunja meno, ni ndogo mno. Nikaachia tu. Tufe likaenda, likarudi, likaishia upana wa kidole kutoka kwenye midomo yake, naye hakupepesa hata jicho. Akatabasamu.

"Unaona?" alisema. "Basi kesho utasema yale maneno mawili, yaishe."

Wema wangu ndio alioutegemea siku zote hizo, na alikuwa amesimama ndani yake raha mustarehe.

Asubuhi kikao kilijaa. Wifi alikaa karibu na dirisha, hakunyanyua macho. Mkuu wa shule alinipa nafasi kwa sauti ya upole. Nilisimama, na maneno yakanitoka kwa mluzi, lakini kila mtu aliyasikia.

"Sikusogea," nilisema. Nikamtaja aliyesukuma. Kisha, ingawa hakuna aliyekuwa ameniuliza, nikamtaja na aliyejua.