Swali la Kumi na Saba

Wanafunzi walimbandika jina la Mzee Majibu, nalo lilimkaa vizuri kuliko koti lake jeupe. Alikuwa mpimaji wa ubora wa maji, mtu wa maabara kwa miaka ishirini na mbili, na kila mwaka chuo kilimkabidhi mwanafunzi mmoja wa mwaka wa mwisho amlee kikazi: amwonyeshe kazi inavyofanyika, amsahihishie barua za maombi, amwandae kwa usaili. Hili la usaili ndilo lililokuwa ugonjwa wake. Alikuwa na daftari lenye maswali arobaini, na kila swali lilikuwa na jibu lake lililopigwa pasi.

Safari hii alipewa binti mmoja mpole, si msemaji sana, ila akisema, amesema. Kila Jumamosi walikaa ofisini, kati ya jokofu la sampuli na dirisha lisilofunguka, mzee akijifanya bosi, binti akijifanya hana woga. Nafasi yenyewe ilikuwa moja tu, kwenye mtambo wa pili wa maji, upande wa pili wa mji, na walioitwa walikuwa kumi na mmoja. Binti alikwisha kuomba kazi sehemu saba akaambulia kimya. Hii aliitaka, na hakuona sababu ya kujifanya haitaki.

Walikwama kwenye swali la kumi na saba: eleza kosa lililotokea kazini na ulivyolishughulikia.

"Nilipokuwa mafunzoni," binti alisema, "siku moja mvua ilinyesha sana. Nilitakiwa kupima dawa ya kuua vijidudu kwenye maji ya mabomba sita. La sita sikufika. Nikaandika namba ya jana yake. Kesho yake nikamwambia msimamizi kabla hajaniuliza, tukarudi tukapima."

Mzee Majibu alishika kichwa. "Mwanangu, unatafuta kazi au unatubu? Hiyo funika kombe mwanaharamu apite. Kwenye usaili kosa liwe la mwenzako, wewe uwe uliyeligundua."

"Sina kosa la mwenzangu, mzee."

"Nitakuazima la kwangu."

Akamwazima. Alimwonyesha chupa ya sampuli yenye unga mweupe kidogo chini, unga unaoizima dawa iliyomo kwenye maji ili vijidudu, kama vipo, vifike maabara kama vilivyokuwa bombani. Zamani, alisema, mwenzake mmoja mgeni wa kazi aliuona ule unga akadhani ni uchafu. Akazisuuza chupa kumi na mbili, moja baada ya nyingine, mpaka zikang'aa. Dawa ikaendelea kuua vijidudu njia nzima, na majibu yakatoka safi ajabu, hata kama maji yenyewe yangekuwa ya mtaroni.

"Mimi ndiye niliyeshtuka," alimalizia. "Wewe sema yalitokea mafunzoni kwako. Nani atajua?"

Binti alikuwa na mashaka, lakini aliandika. Mkubwa akishasema, mdogo huandika. Na kusema kweli, mzee alikuwa ameisimulia hadithi hiyo mara nyingi hivi kwamba mwenyewe aliiamini siku nyingi za wiki.

Usaili ulikuwa Jumatano. Jina la binti lilikuwa la mwisho kwenye orodha, saa nane mchana. Saa saba mzee alikuwa anakula mezani kwake alipoingia dereva wa ofisi, ambaye asubuhi alikuwa amepeleka sampuli kule mtambo wa pili.

"Leo kule hakuna pa kukanyaga, usaili mtupu," dereva alisema. "Na anayeongoza ni yule mama mkuu wa maabara yao. Si mliwahi kukaa meza moja hapa zamani?"

Mzee alirudisha tonge kwenye sahani.

Maana aliyezisuuza chupa alikuwa yeye. Walikuwa wageni wa kazi wawili, wote katika miezi ya majaribio, na aliyeshtuka alikuwa mama huyo, wakati huo bado dada, aliyekwenda mwenyewe kwa bosi kueleza kwamba majibu yale hayafai. Bosi akauliza nani amesuuza. Mzee, kijana wa wakati huo, akatazama sakafu. Saini ya kuzitoa chupa stoo ilikuwa ya yule dada, kwa hiyo barua ya onyo ikamwendea yeye, na mwezi uliofuata akahamishwa. Hakumtaja mtu. Mzee naye hakusema, kwanza kwa woga, halafu kwa aibu, mwisho kwa mazoea.

Sasa binti anakwenda kumsimulia yule mama mambo yale yale, kichwa chini miguu juu. Atajulikana mwongo kabla hajafika katikati, na nafasi itakwenda kwa mwingine. Mzee alipiga simu. Imezimwa. Yeye mwenyewe ndiye aliyemfundisha kuizima tangu asubuhi, na kwa mara ya kwanza maishani alichukizwa na mwanafunzi mtiifu.

Alichukua pikipiki. Njiani alitafuta maneno ya kumwokoa binti bila kujitaja, na mtu mwenye majibu arobaini hakupata hata moja. Alipofika, korido ilikuwa tupu na mlango wa chumba cha usaili umefungwa.

"Yuko ndani wa mwisho," karani alimwambia, akimwangalia mvi. "Na wewe umeitwa, mzee? Tangazo lilisema mwisho miaka thelathini na tano."

Alikaa. Mlango ulipofunguka, binti alitoka na kuambiwa asubiri. Kabla mzee hajamfikia, yule mama mwenyewe akatoka nyuma yake, miwani mkononi. Walitazamana.

"Ndugu yangu," mama alisema taratibu. "Leo umepotea njia?"

"Dada, kabla hamjaamua. Hadithi ya chupa aliyowapa huyu binti si yake, nilimpa mimi. Na haikuwa kama nilivyomwambia. Msimnyime kazi kwa ajili yangu."

"Chupa zipi?"

Mzee akamgeukia binti.

"Sikuisema, mzee," binti alisema. "Nilifungua mdomo, ikanishinda. Nikawaambia ile ya mvua."

"Na ndiyo iliyompa nafasi," mama alisema. "Nilikuwa natoka kumwambia. Kuna watu kumi leo wamenieleza makosa ya wenzao."

Binti alifunika uso kwa mikono miwili. Mzee alifurahi, furaha ya kweli, na papo hapo akaona mlango wa kutokea ulivyo karibu.

"Basi alhamdulillahi," alisema, akigeuka kuondoka. "Kama hakuisema, yamekwisha. Nisiwapotezee muda."

"Umesema haikuwa kama ulivyomwambia. Ilikuwaje?" mama aliuliza.

Mzee alianza. "Dada, siku ile..."

Mama aliinua mkono kumzuia. Hakuwa na hasira, na hilo lilimuuma mzee zaidi.

"Mimi usiniambie. Mimi nilikuwepo. Mwambie mwanafunzi wako."

Binti alikuwa amekwisha kukaa, faili mapajani, anasikiliza. Mzee Majibu akakaa kando yake. Alianza mara mbili, mara zote mbili akaanzia mbali, kwenye bosi, kwenye ugeni wa kazi. Mara ya tatu akaacha kuzunguka.

"Chupa nilizisuuza mimi," alisema. "Huyu hapa ndiye aliyeadhibiwa, na mimi nilikuwa namtazama."