Presha ya Mtaa Mzima

Katika muda wa wiki tatu watu kumi na moja wa mtaa wetu walipanda presha, na aliyewapandisha ni mjukuu wangu. Nasema mapema usije ukasikia kwa wengine. Wao wakisimulia wanatia chumvi, na chumvi ndiyo kitu cha kwanza dokta alichowakataza.

Mjukuu wangu alikuwa anajifunza kazi ya msaidizi wa daktari. Chuo kilimweka darasani mwaka mzima, kisha kikampa barua akatafute daktari wa kumfunza kwa vitendo miezi mitatu. Miezi ikiisha daktari anaweka sahihi, chuo kinatoa cheti. Asipoweka sahihi, hakuna cheti, na ule mwaka mzima ni kama alikuwa amelala. Alizunguka na barua ile mpaka ikaanza kukatika kwenye mikunjo, ndipo akapokelewa kwenye kliniki ya hapa kwetu. Ina vyumba vitatu, benchi moja refu, na dokta mmoja mfupi asiyependa maneno.

Kazi zake zilikuwa kutoa mafaili, kupima uzito, kuosha vidonda, kuita watu kwa zamu, na mwezi wa tatu ulipoanza akapewa kumpima presha kila mgonjwa kabla hajaingia kwa dokta. Alipewa kachumba kake pembeni, na ndani yake meza, viti viwili, mizani, na pazia lililoshonwa refu kuliko dirisha, likawa linapangusa sakafu.

Mtoto huyu nimemlea mimi tangu ana miaka minne, na sikumlea hovyo. Kwangu mtoto hamshiki mkubwa mkono kabla hajamwamkia. Akishamwamkia hamwachi akining'inia. Anamuuliza ameamkaje, mguu unaendeleaje, wa nyumbani hawajambo, yule aliyesafiri keshafika. Na mkubwa akijibu, anasikilizwa mpaka amalize, hata kama anaanzia mwaka ambao mtoto mwenyewe hajazaliwa.

Chuo kilimfundisha kupima presha, mimi nilimfundisha adabu. Hakuna aliyetuonya kwamba hivyo viwili havikai chumba kimoja.

Wagonjwa walimpenda. Walitoka kwenye kale kachumba wamechangamka, wameshasema yote ya moyoni, wakaingia kwa dokta hawana la kuongeza. Dokta akawa anafurahi kwa sababu wamenyamaza. Anatazama kadi, anaona presha imepanda, anaongeza dawa. Aliyekuwa anakula nusu kidonge akala kizima. Aliyekuwa anakula kizima akala viwili.

Wiki ya tatu ya kupima, fundi cherehani, mmoja wa walioongezewa dawa, aliinuka kwenye kiti chake, akaona kizunguzungu, akaangukia suruali ya mteja. Hakuumia, na suruali haikuumia, ila alipelekwa kliniki. Dokta akampima kwa mkono wake mwenyewe. Presha ilikuwa chini kama ya mtoto mchanga.

Dokta akaomba kadi zote. Akazipanga mezani kama mtu anayecheza karata peke yake. Kisha akamwita mjukuu wangu.

"Watu kumi na moja," akasema. "Wiki tatu. Na sijasikia kama kuna vita."

"Ndiyo, dokta."

"Mashine nimeijaribu. Nzima."

"Ndiyo, dokta."

"Basi ni wewe."

 Dokta akamwambia kwamba Ijumaa yeye dokta atampima mgonjwa mmoja mwenyewe, halafu binti atampima mgonjwa huyohuyo mbele yake. Vipimo vikikaribiana, anaweka sahihi. Visipokaribiana, arudishe koti jeupe, likiwa limefuliwa. Siku hiyo ilikuwa Jumatatu. Akamwazima ile mashine ya akiba akafanye mazoezi nyumbani. Dokta si mtu mbaya. Ni mfupi wa maneno tu, kama alivyo mfupi wa kila upande.

Basi mazoezi akaja kuyafanyia kwenye mkono wangu. Niliketi kwenye kochi, yeye akanifunga mkanda, akatia kipimo cha kusikilizia masikioni, akawa anabinya ule mpira.

"Bibi, umeshindaje?"

Nikamwambia nilivyoshinda. Nikamweleza kwamba wifi yangu, dada wa marehemu mume wangu, alikuja asubuhi akasema uzi wa foronya zangu umepauka, na yeye foronya zake zote mbili zina matundu.

"Mia na hamsini na nane," akasema mjukuu wangu. Akakaribia kulia.

Kesho yake tulikuwa tumekosana kidogo. Nilimwambia mkono wake mzito kama wa kinyozi, akaniambia wangu mgumu kama mpini. Nikanuna. Akanipima huku nimenuna, bila salamu, bila neno.

"Mia na thelathini na mbili."

Tukatazamana. Mimi nimeishia darasa la saba, lakini hesabu za kutoa nazijua.

"Pima tena," nikamwambia. "Uniulize habari za wifi yangu."

Akaniuliza. Nikamweleza. Mia na hamsini na sita. Tukapumzika, nikanyamaza kama jiwe. Mia na thelathini. Nikasema, labda ni wifi peke yake. Nikamhesabia jedwali la saba kwa sauti. Mia na arobaini na nane. Kwa hiyo si wifi peke yake, ingawa anazidi jedwali la saba kwa nane.

"Bibi," akasema, "kumbe mtu akiongea inapanda."

"Chuo hakikuwaambia?"

"Walituambia mgonjwa atulie. Mimi nilidhani asikimbie."

Nikaona mambo yamekwisha. Nikamwambia kesho asiulize mtu kitu. Aamkie, afunge mkanda, anyamaze.

Jumatano alinyamaza. Wa kwanza alikuwa babu mmoja, dereva mstaafu, mwenye mguu ulioanza kumuuma kabla ya lami. Akaketi akisubiri kuulizwa habari za mguu. Hakuulizwa. Akapimwa, akatoka, akaketi kwenye benchi na kuwaambia watu, "Yule binti tumeshamzoesha vibaya. Sasa hata hatuoni."

Wa pili alikuwa mama mmoja mwoga. Alipoona binti aliyekuwa anamuuliza mpaka habari za kuku wake leo hasemi kitu, anatazama tu mshale wa mashine, akajua amekwisha. Akauliza kwa sauti ya chini, "Nimebakiza muda gani?" Presha yake siku hiyo ilipita mia na themanini. Haikuwahi kufika huko hata alipokuwa anasimulia kesi ya kiwanja.

Kufika mchana dokta alikuwa amepokea malalamiko manne. Akatoka mlangoni, akamtazama mjukuu wangu juu ya miwani, akarudi ndani.

Jioni mtoto alikaa na viatu miguuni, hakuvua.

"Waulize habari nusu basi," nikamwambia.

"Kuna mtu wa mtaa huu anayejua kujibu nusu?"

Nikafikiri. Hakuna.

"Basi mgonjwa mwambie waziwazi: 'Bibi, nyamaza.'"

"Bibi, wewe mtoto wa miaka ishirini na moja akikwambia nyamaza, utamfanyaje?"

"Nitamuuliza mama yake ni nani."

"Mama yake ni mwanao."

Hapo nikaenda kupakua chakula. Alhamisi alimwomba dokta akae na mafaili tu, na dokta akakubali upesi mno, jambo ambalo halikutupendeza.

Ijumaa nilifika kliniki mapema na goti langu. Goti lenyewe halikuwa na shida, lakini huwezi kuketi kwenye benchi la wagonjwa mikono mitupu. Nilikuwa na mpango. Nitaketi wa kwanza, dokta atanichagua mimi, nami nitafunga mdomo mpaka mtoto apate sahihi yake. Nilishajizoeza tangu alfajiri. Jirani alinisalimia njiani nikampungia mkono tu, nadhani mpaka leo ana kinyongo.

Nikakuta wa kwanza yupo. Ni wifi yangu.

Wifi yangu mtaani wanamwita Redio. Si jina la kumsengenya, hata mbele yake wanamwita, na yeye anaitika. Alikuwa ameketi mwanzo kabisa wa benchi, mkoba mapajani, amejipanga.

"Wifi, umeugua?" nikamuuliza.

"Nimekuja kumtazama mtoto wetu. Nasikia anafukuzwa leo."

"Nani kakwambia?"

"Wewe juzi."

Ni kweli nilimwambia. Nikamwomba tubadilishane nafasi, goti linaniuma. Akasema na yeye goti linamuuma, la kushoto, tena limeanza kabla ya langu. Nikamwambia basi akanywe maji, yako nyuma. Akasema kashakunywa. Watu wa benchi wakatusikiliza, maana hawakuwa na gazeti.

Dokta akafungua mlango. "Wa kwanza."

Akampeleka wifi kwenye kale kachumba, na mlango hakuufunga. Mimi nikasogea, si kwa kuchungulia, ila goti lilitaka kunyooshwa upande ule. Dokta akamfunga mkanda. Wifi akafungua mdomo. Dokta akamtazama juu ya miwani, wifi akaufunga. Sijawahi kuona kitu kama kile, na nimeishi naye miaka arobaini. Dokta akapima kimya, akaandika kwenye karatasi, akaikunja, akaitia mfukoni. Kisha akasogea ukutani, akafunga mikono kifuani.

"Haya," akamwambia mjukuu wangu.

Mtoto akaketi. Koti lilikuwa limefuliwa tayari, nililifua mimi Alhamisi, ili kama ni kulirudisha lisirudishwe kwa aibu.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Mbona umekonda hivi? Huyo bibi yako anakupikia kweli? Nilimwambia juzi, mtoto wa kazi hashindi na chai tupu, lakini bibi yako ukimwambia kitu ndiyo umemwambia afanye kinyume chake. Hata kaka yangu, marehemu, alikuwa anasema..."

Mkanda ulikuwa umeshafungwa. Mjukuu wangu alikuwa ameshika ule mpira mkononi, hakuubinya. Mimi huku nje nikamkazia macho wifi yangu mpaka yakaniuma, lakini alikuwa amenipa kisogo. Alikuwa amefika kwenye harusi yangu, na mambo ya harusi yangu ni marefu.

Dokta akatazama saa. Nikasema moyoni, mwaka mzima umekwenda, na umekwenda na harusi yangu.

Ndipo mtoto akaweka mpira mezani. Akafungua droo, akatoa kipimajoto, kile cha kioo. Akakipangusa kwa dawa, akakikung'uta mara tatu.

"Bibi, samahani sana," akasema, kwa heshima zote nilizomfundisha. "Naomba nikupime na joto. Kinakaa chini ya ulimi. Ukifungua mdomo kitadanganya."

"Joto? Mimi sina..."

Kikaingia.

Kliniki yote ikanyamaza. Hata benchi liliacha kulia. Wifi akakodoa macho huku na huku, mashavu yamejaa maneno, lakini aliogopa kuuma kioo. Mjukuu wangu hakuwa na haraka. Akamnyoosha mkono juu ya meza, akamwomba aweke miguu yote miwili chini, akakaa naye dakika tano nzima, akimpigapiga mgongo wa kiganja taratibu. Kidogo kidogo mabega ya wifi yakashuka. Nadhani ilikuwa mara ya kwanza kwake kupumzika tangu aolewe. Ndipo mtoto akabinya mpira, akasikiliza, akaachia upepo taratibu.

"Mia na thelathini na nne, chini themanini na mbili," akasema.

Dokta akatoa karatasi mfukoni, akaikunjua, akaisoma kana kwamba ni barua kutoka mbali. Akamwonyesha. Mia na thelathini na sita, chini themanini na mbili.

"Huyu mama ana homa?" dokta akauliza.

"Hapana, dokta."

"Ulidhani ana homa?"

"Hapana, dokta."

"Sasa kipimajoto cha nini?"

Mjukuu wangu akamtazama bibi yake yule, akamtazama dokta. Akasema, "Dokta, ni mkubwa wangu. Siwezi kumwambia anyamaze."

Dokta akaikunja tena ile karatasi. Kisha akauliza, "Na wale kumi na moja?"

"Waliongea, dokta. Mimi ndiye niliyewauliza."

Akamwambia Jumatatu awaite wote kumi na moja, awapime upya, na wasile dawa ya ziada mpaka hapo. Akamwambia pia akaagize vipimajoto vingine vitatu. Kisha akaenda chumbani kwake, akarudi na ile barua iliyochakaa, akaipigapiga mezani kuinyoosha, akaweka sahihi. Sahihi yenyewe fupi.

Mimi sikulia. Goti ndilo lililonifanya niingie mle ndani haraka, na nikamshika mtoto shingoni kwa sababu sikuwa na pengine pa kujishikilia. Watu wa benchi wakaja mlangoni. Babu dereva akauliza kama sasa atakuwa anaulizwa habari za mguu au la. Mjukuu wangu akamwambia ataulizwa, babu, ila baada ya kupimwa. Babu akasema hapo sawa, yeye hana haraka, mguu wenyewe una miaka yake. Yule mama mwoga akataka kujua ana muda gani. Akaambiwa mwingi.

Tulisimama pale tukipongezana robo saa hivi, kila mtu anasema lake, dokta naye amerudi kwake kafunga mlango. Wifi yangu alikuwa bado kwenye kiti, mkanda mkononi, kipimajoto mdomoni, anatutazama mmoja mmoja. Hakuna aliyekuwa amemwambia akitoe.

Nami sikuona haraka.