Sentensi Tatu za Stesheni

Wiki ile Mwalimu Bertilla hakutulia. Asubuhi alitoka kwake mtaa wa Malangali, akateremka hadi madukani Milanzi, akageuka bila kununua kitu, akarudi kufungua kompyuta, akaifunga, akatoka tena. Majirani walishamzoea. Walijua ni mtunzi mwenye riwaya mbili na kitabu cha hadithi fupi, na kwamba hufasiri pia vitabu vya Kifaransa. Wakadhani anatafuta neno, wakamwacha apite na upepo wake.

Hakuwa anatafuta neno. Maneno yalikuwa yamezidi.

Kifaransa alikipatia Bujumbura, alikopelekwa na shirika moja la masista akiwa mnovisi, yaani mtawa mwanafunzi. Baada ya miaka mitatu aliona wito ule si wake, akarudi Ufipa na kuajiriwa ualimu mjini. Baba yake, mzee Felisiani, alikuwa amechinja ng'ombe na kualika waumini wa kigango kizima siku ya kumuaga. Binti aliporudi, mzee hakumgombeza wala hakumfukuza. Alinyamaza tu. Kila Bertilla alipokwenda kumsalimia kijijini karibu na Matai, shikamoo yake ilijibiwa kwa kutikiswa kichwa. Ikawa hivyo miaka tisa, mpaka mzee akazikwa.

Ndiyo maana alipopewa kufasiri riwaya ya bibi mmoja Mfaransa, Mireille Castagne, alikwama kwenye ukurasa wa stesheni. Binti anaondoka nyumbani bila ridhaa ya baba. Baba anambebea sanduku, anamkabidhi, anasimama kimya mpaka treni inaondoka. Basi. Bertilla alikaa na ukurasa ule siku mbili. Siku ya tatu akampa yule baba kauli: "Nenda, mwanangu. Hasira ni yangu, safari ni yako. Ukichoka, mlango unaujua."

Sentensi tatu. Kwenye Kifaransa hazikuwamo.

Kitabu kilipotoka, sentensi zile zikatembea kuliko kitabu chenyewe. Watu waliziandika kwenye kadi na kuzitumiana kwenye simu. Siku moja jirani yake alimuaga binti yake aliyekuwa anaolewa. Mshereheshaji akamkabidhi kipaza sauti, na yule baba akazisema zote tatu bila kuangalia karatasi. Akina mama walilia. Bertilla alishika chupa yake ya soda mpaka ikapata joto mkononi.

Kisha mhariri wake wa Dar es Salaam, Alphonce, akapiga simu akiwa na furaha. Bi Mireille, mwenye miaka themanini na moja, alikuwa amekubali kuzungumza na wasomaji wa Kiswahili kwa njia ya mtandao.

"Wewe utakuwa mkalimani wetu, dada. Tutasoma pale stesheni kwa Kiswahili, halafu unamrudishia kwa Kifaransa, asikie mwenyewe."

Hicho ndicho kilichomtembeza wiki ile. Angeweza kumsomea yule bibi ukurasa wake kama ulivyoandikwa, na hakuna ambaye angejua. Lakini huo ungekuwa uongo wa pili, tena wa kusema kwa mdomo wake mwenyewe, mbele ya mwenye kitabu. Alhamisi miguu ilichoka kabla ya moyo. Akakaa, akamwandikia Bi Mireille barua pepe akieleza alichofanya, bila kujitetea.

Jibu lilikuja kesho yake. Alilisoma amesimama.

"Yule alikuwa baba yangu," aliandika bibi. "Hakusema kitu. Angesema maneno hayo, nisingekuwa na haja ya kuandika kitabu. Nakuomba uyatoe. Lakini niambie, ni baba wa nani aliyeyasema?"

Bertilla aliona haya, kama mtu aliyekutwa anapanga upya vyombo katika jiko la mwenzake. Akajibu kwa neno moja: "Hakuna."

Akampigia Alphonce. "Toleo la pili litoke bila zile sentensi za stesheni. Niliziongeza mimi."

"Dada Bertilla! Hizo ndizo watu wanazozipenda. Nani anajua?"

"Mwenye kitabu anajua. Nimemwambia."

Sauti ya Alphonce ilikuwa imebadilika. "Basi zitaondolewa. Lakini riwaya yake nyingine niliyokuahidi nitampa mfasiri mwingine. Sikukomoi, dada. Watu wataniuliza umeongeza wapi kwingine, nami nitajibu nini?"

Bertilla alikubali, maana angekuwa yeye mhariri, angefanya vile vile.

Siku ya mazungumzo alikalimani mpaka mwisho, na mwenyewe akawaeleza wasomaji jinsi ilivyokuwa. Mmoja alimwambia waziwazi kwamba amemlaghai. Wengine walijitoa mtandaoni mmoja mmoja.

Jumamosi iliyofuata hakuweza kukaa nyumbani. Akaenda kwa kaka yake Vitus, aliyerithi shamba la mzee. Alimkuta anavuna ulezi, kisu mkononi, koti limefungwa mpaka shingoni kwa baridi ya Juni.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba. Mbona ghafla? Kuna msiba?"

"Hakuna. Nataka kuandika habari za baba. Miaka ile yote, nikiwa sipo, alisema nini juu yangu?"

Vitus alikata masuke mawili matatu kwanza. "Unataka nikufurahishe?"

"Sitaki."

"Hakusema kitu. Tukitaja jina lako, anatoka nje." Akaendelea kukata. Kisha akasimama, kana kwamba amekumbuka jambo. "Ila redio iliposoma ile hadithi yako ya kwanza, alituamuru sote tunyamaze. Hata mama, aliyekuwa anasonga ugali."

"Ilipokwisha, akasema nini?"

"Akauliza kama betri nyingine zipo."

Bertilla akacheka, kicheko kikamtoka pamoja na machozi, akajifuta kwa ncha ya khanga. Akakaa pale pale juu ya mabua, akatoa daftari.

"Zilikuwepo?"

"Betri? Ah, ni zamani, Bertilla. Nitakumbukaje?"

"Jaribu, kaka," alisema, kalamu imeshafika kwenye karatasi. "Na redio ilikuwa imekaa wapi?"