Gari Lililoamini Limeegeshwa

Kwa heshima na taadhima, natangaza kwa wakazi wote, kuanzia Litumbandyosi hadi ufukweni mwa Ziwa Nyasa, kwamba katika likizo ya Juni mimi, Cleopa Nicholaus, mwanafunzi wa seminari, kidato cha tatu, nilikuwa mtaalamu wa kwanza wa Mbinga kuishinda mashine ya Kijapani. Utaalamu huo niliupata kwa kutazama video moja kwenye simu, mara mbili. Mara zote mbili sikufika mwisho.

Gari ni la baba. Baba ni mkulima wa kahawa aliyenunua gari kabla ya kujifunza kuendesha, kwa hiyo anaendeshwa na jirani yetu, Mzee Bakili. Huyu alipeleka kahawa Makambako kwa lori miaka thelathini na hakuwahi kugonga hata kuku. Ana mazoea aliyotoka nayo kwenye malori: hamkabidhi mtu ufunguo kabla hajalifuta gari kwa kitambaa, nje na ndani, hata kama limeshinda kivulini.

Katikati ya dashibodi kuna skrini ya ramani iliyokuja na gari. Ramani yenyewe ni ya Japani tu, na kwa maoni yake kila tukienda misa tunakuwa tunakatiza bahari. Lakini inacheza video, ila kwa masharti: magurudumu yakianza kuzunguka, picha inazimika na mama wa Kijapani anasema maneno ya upole, nadhani ya kuomba radhi. Shangazi Kunigunda, kiongozi wa kwaya ya parokia, alimchukia mama huyo tangu siku ya kwanza.

"Anaikatisha video ya kwaya yangu kila tukitoka getini," alisema. "Wewe padre, huko seminari mnafundishwa nini?"

"Niachie mimi, shangazi."

"Aliyelitengeneza ndiye aliyekataza," alisema Mzee Bakili. "Ana sababu zake."

"Sababu za Japani hizo, Mzee. Sisi tuko Mbinga."

Shangazi alicheka sana. Mzee Bakili alitikisa kichwa akaendelea kufuta kioo.

Jumamosi, wote wakiwa shambani, nilifungua dashibodi kwa kisu cha jikoni. Skrini hujua kwamba gari limeegeshwa kupitia waya mmoja unaotoka kwenye hendibreki. Niliuchuna nikaugusisha na chuma cha bodi, na tangu hapo gari likaamini kuwa hendibreki imevutwa saa zote. Kwaya ikaimba. Bahati mbaya taa nyekundu ya hendibreki nayo ikaamini vivyo hivyo, ikawaka na kukataa kuzima. Mtaalamu hakutetereka. Nilikata kipande cha tepu nyeusi ya umeme, ukubwa wa punje ya kahawa, nikaifunika.

Jumapili tulianza safari ya Lipingo, ambako kwaya ilialikwa. Wanakwaya walitangulia na basi. Sisi tulikuwa baba na Mzee Bakili mbele, shangazi na mimi nyuma. Gari lilitembea na picha ikatembea.

"Padre, utafika mbali," alisema shangazi.

Mzee Bakili hakuitazama skrini hata mara moja.

Kabla ya mteremko mrefu wa kushukia ziwani shangazi alitaka ndizi. Mzee Bakili aliegesha, akavuta hendibreki, wakashuka kuchagua. Waliporudi shangazi alikuwa na haraka.

"Twende, Mzee Bakili. Lipingo wanaanza saa nne."

Mzee alitupia macho dashibodi, kama afanyavyo kila anapoondoka. Hapakuwa na taa ya kumkumbusha hendibreki. Akaliondoa gari, na kwa kuwa ni mteremko, likaenda bila kulalamika.

Baada ya kona kama nne shangazi alikunja pua. "Hawa watu wanachoma matairi asubuhi yote hii?"

Baba aligeuka nyuma. "Ni sisi," akasema.

Moshi ulikuwa unatoka kwenye magurudumu ya nyuma. Mzee Bakili alishusha gia, akalileta gari pembeni taratibu hadi likasimama kando ya mtaro. Tulitoka mbio. Yeye alibaki ndani, mkono juu ya hendibreki. Aliishusha, akazima injini, na hapo tu kwaya ikanyamaza.

"Ilikuwa juu?" aliuliza baba.

"Ilikuwa juu."

"Na taa?"

"Nilitazama, Baba Cleopa. Sikuiona." Alifikicha macho. "Nilitazama kabisa."

Hapo ndipo nilipopaswa kusema. Badala yake, alipoomba mawe ya kuzuia magurudumu maana hakutaka kuigusa tena ile hendibreki, nilikimbia kuyatafuta. Nilileta sita. Yalihitajika mawili.

Magurudumu yalipopoa tulishuka polepole hadi Mbamba Bay, tukasimama karibu na ufukwe. Baba alizungumza kwa sauti ya chini, na hilo lilikuwa baya kuliko ukali.

"Mzee wangu, nadhani upumzike. Nitampigia yule dereva Urbani aje kutuendesha."

"Sawa," alisema Mzee Bakili. "Mwezi wa tatu niliyapima macho Songea, wakaniambia mazima. Labda walinionea huruma."

Mimi nilitazama usipa, wale dagaa wa ziwani, walioanikwa mchangani kana kwamba nina mtihani juu yao.

Mzee Bakili akatoa kitambaa chake. Gari lilikuwa la kukabidhiwa, basi akalifuta: milango, viti, skrini, usukani, kioo cha dashibodi. Hapo kitambaa kikanasa. Alirudia kwa ukucha, akabandua kitu, akawasha swichi. Taa nyekundu ikawaka. Akaikandamiza hendibreki chini zaidi. Ikaendelea kuwaka.

Hakumwita baba. Alininyooshea kidole, kile kipande cheusi kikiwa kwenye ncha, kama mtu anayerudisha kifungo kilichodondoka.

"Fundi. Hiki ni chako?"

"Kitu gani hicho?" aliuliza shangazi.

Nilikuwa na hotuba nzuri ya seminari, yenye utangulizi. Haikutoka.

"Ni changu," nilisema. "Waya niliuunganisha mimi, na taa niliifunika mimi. Baba, usimpigie Urbani. Mzee Bakili alitazama vizuri, hapakuwa na kitu cha kuona. Nilijua kule kule mlimani, wakati naokota mawe."