Kamba Zilizofutwa

Apollonia alikuwa na tonge la mkate mdomoni muuza bia alipomwambia kwamba darubini ya Mzee Gotthard inasimamishwa upya leo, kilimani nje ya ukuta wa Nuremberg.

"Wanafuata ile picha yako, kamba kwa kamba. Umeshakuwa mkubwa, Bi Apollonia! Kesho utatusalimia kweli?"

Aliuacha mkate mezani. Aliingia karakanani, akatoka, akaingia tena bila kujua anatafuta nini. Miaka sita nyuma alikwenda kilimani kuichora darubini ile, kisha akaichonga kwenye bamba la shaba: mlingoti mrefu, na bomba la mbao linaloning'inia juu yake. Picha ikauzwa kila mahali, ikampa jina. Ila kamba mbili za kuushikilia mlingoti zilipita katikati ya nembo ya mtawala iliyochorwa juu ya picha, naye mtawala hapendi nembo yake ikatwekatwe. Akazifuta. Picha si ya kutundika ukutani tu? Nani angejua kwamba kituo cha mzee cha kutazamia nyota kitaungua, michoro yote iwe majivu, ibaki picha yake?

Alipanda kilima mbio, sketi mkononi, akijilaani. Akisema, jina limekwisha na kazi hapati tena. Akinyamaza, mtu atakufa. Mara mbili aligeuka kurudi nyumbani, na mara mbili upepo ulimtia hofu akaendelea.

Mlingoti ulikuwa umeshasimama. Fundi Veit alikuwa kileleni akifunga kapi la kupitishia kamba, na mlingoti unayumba naye.

"Mshusheni!" Apollonia alipiga kelele. "Picha ni ya uongo!"

Mzee Gotthard aligeuka, picha mkononi. "Uongo gani, binti yangu?"

"Kuna kamba mbili nilizifuta. Zilikuwa zinaharibu nembo. Lakini mzee wangu, umekaa chini ya kitu hiki miaka ishirini, hukuona zimepungua?"

"Mimi nilikuwa natazama nyota," mzee alisema, uso umemshuka. "Kamba zilikuwa kazi ya msaidizi wangu, Kunz."

Na Kunz alikufa katika moto ule.

Veit alishuka. "Yaani nife kwa ajili ya nembo? Mama, una roho wewe!" Veit aliichukua picha, akaitazama kwa muda mrefu, na aliposema tena sauti ilikuwa imepoa.

"Kunz ni baba yangu. Tangu afe namtafuta humu. Nikadhani siku ile ulipochora hakuwepo."

"Alikuwepo," Apollonia alisema. "Yeye ndiye aliyezishika zile kamba. Nilimfuta pamoja nazo."

"Alisimama wapi?"

Apollonia alihesabu hatua kutoka kwenye mlingoti, akapita majivu, akasimama kwenye nyasi.

"Hapa. Alivua kofia, akachana nywele kwa vidole. Akaniuliza kama atatoka vizuri, nikamwambia atatoka vizuri sana."